Uyoga Katika Daftari la Wageni

Jumatatu, 17 Machi

Dayari hii ni ya mwaka juzi. Viraj aliikuta stoo, nyuma ya duka lake la vigae, akanipa huku akisema karatasi haina makosa. Kurasa zinasema leo ni Ijumaa. Nimeikata Ijumaa nikaandika Jumatatu, na naona nitakuwa nakata hivyo mpaka Desemba.

Mimi ni Lazarus Wesonga, mlinzi wa mchana kwenye lango la Mama Chandrika hapa Lavington, mwaka wa kumi na moja sasa. Viraj ni mwanawe, na ndiye aliyeweka mkataba na kampuni ya ulinzi. Kampuni ndiyo iliyonileta hapa, lakini chai ya saa nne huletwa na Mama Chandrika mwenyewe, na haijawahi kuchelewa.

Leo amekuja Karanja, msimamizi wetu, juu ya pikipiki yake, amefura. Wiki iliyopita mbwa wa jirani alipenya chini ya ua akafukua maua yote ya Mama, na daftari la wageni halikuwa na habari hiyo.

"Lazarus, kitu yoyote ikiingia hii kompaundi, iandikwe," amesema. "Yoyote. Kama haiko kwa daftari, wewe hukuwa kazini."

"Hata paka, bosi?"

"Hata paka."

Sawa. Amri nimeipokea.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemwandika paka. Kuingia saa tatu kamili, kutoka saa tatu na dakika tano. Anakuja kumwona nani: hakusema.

Jumatatu, 24 Machi

Mawingu bila mvua. Peres, mpishi wetu, anasema itanyesha Jumatatu ijayo. Yeye hutabiri kwa goti la kushoto.

Jumanne, 1 Aprili

Goti la Peres lisidharauliwe tena. Imenyesha tangu jana jioni mpaka nilipofika kazini, na viatu vyangu vimeanikwa juu ya jenereta.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo nimefika saa kumi na mbili kasorobo, nikapokea funguo kwa mlinzi wa usiku, nikaanza kuzunguka ukuta kama kawaida. Nyuma ya nyumba, kati ya stoo na ua wa miti, kuna kichuguu kikubwa kinachonifika begani. Nyasi zote zilizokizunguka zilikuwa zimejaa uyoga mdogo mweupe, hakuna uliozidi ukucha wa kidole gumba, umetapakaa mpaka karibu na kamba ya nguo. Nilisimama pale nikacheka peke yangu. Sisi tuliokulia Butula tukiuona uyoga huo hatuulizi maswali, tunatafuta sufuria.

Kisha nikamkumbuka Karanja na amri yake. Nikachukua daftari.

Daftari la wageni lina safu zake, na mlinzi hawezi kuongeza wala kupunguza. Nikajaza hivi. Jina: uyoga, wadogo. Anakotoka: chini. Anakuja kumwona: Mama Chandrika. Idadi: 214 (nimehesabu kweli, nikiwa nimechuchumaa kwenye umande). Saa ya kuingia: kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Saa ya kutoka niliiacha wazi. Peres alipokuja na ungo akachuma nusu, nikaandika: 107, saa mbili unusu, wametoka na Peres.

Jina letu la nyumbani sikuliandika. Kila aina ina lake, na mama yangu mzazi anayajua yote, lakini Karanja angeyatamka vibaya.

Tulipokuwa tukichambua uyoga huo jikoni, mimi na Peres tulianza ubishi. Nilimwambia kwamba uyoga wa mchwa uko wa aina tano.

"Tatu," akasema Peres. Yeye ni wa Ugenya, ng'ambo tu ya kwetu, lakini kuvuka huko ni kama kuvuka kwenda nchi nyingine kwa ubishi.

"Tano. Nimechuma tangu nikiwa na miaka sita."

"Na mimi nimepika tangu nikiwa na minane. Ni tatu, baba Ivyne. Kula ugali."

Mama Chandrika hali uyoga, dini yake haimruhusu. Lakini alikuja mlangoni na fimbo yake akauliza, "Lazarus, leo nakuja ngapi?" Nikamwambia mia mbili na kumi na nne. Alifurahi kama mtu aliyetembelewa kweli.

Jumatatu, 7 Aprili

Amekuja Ravneet, binti wa nyumba ya pili, na kisu, mifuko ya karatasi na rula. Anasomea shahada ya pili ya mambo ya kuvu chuoni, na Mama Chandrika amemruhusu aingie wakati wowote. Anataka kujua bustani za upande huu wa mji zina spishi ngapi za uyoga wa mchwa. Wote ni jenasi moja, amesema, inaitwa Termitomyces, na mchwa ndio wakulima wao: hutafuna miti, hujenga shamba chini ya ardhi kwa matafuno hayo, na uyoga huota juu yake.

Amechuma kumi na mbili, akapima kila mmoja kwa rula, kisha akaniambia anakwenda kuwakausha awaweke kwenye bahasha. Kukausha chakula kizuri hivyo na kukiweka kwenye bahasha! Nimemwandikia saa ya kutoka bila kumuaga vizuri.

Alhamisi, 10 Aprili

Uyoga watano wakubwa, weupe, wameota katikati ya nyasi za mbele, kofia pana kama sahani. Nimemwita Ravneet aje aone tunavyovuna sisi wenyewe. Nikamwambia huu ni ule mkubwa wa kwetu, aina yangu ya tano, na kwamba leo jioni Maurine, mke wangu, na binti yetu Ivyne wataula huko Kawangware.

Hakubishana nami. Aliomba kofia moja tu, akailaza juu ya karatasi nyeupe, akaifunika kwa glasi.

"Anko, ngoja hadi kesho," akasema. "Tafadhali. Hata kama unaona ni ujinga, ngoja tu."

Nimengoja, lakini kwa shingo upande.

Ijumaa, 11 Aprili

Karatasi imekuwa ya kijani.

Ravneet aliinua glasi, akaondoa ile kofia, na chini yake palikuwa na mistari ya vumbi la kijani kilichofifia, kama sare ya shule iliyofuliwa miaka mingi. Akaweka kando yake karatasi nyingine, ya wale wadogo. Vumbi lake lilikuwa na wekundu mwepesi sana.

"Hii ndiyo mbegu yao, Anko. Uyoga wa mchwa wote hutoa rangi hii ya pinki. Huu wa kijani si jamaa yao kabisa. Unapenda nyasi za watu, na watu wanautapika hospitalini."

Nilikuwa nawaona Maurine na Ivyne mezani na mimi nikiwakaribisha waongeze. Miaka yote nimejisifu kanisani kwamba mimi ni mtu wa uyoga.

Saa ya chakula nikampigia mama yangu simu Butula, nikamweleza yote. Alisikiliza, kisha akauliza swali moja.

"Uliona mzizi?"

"Sikuchimba, Mama."

"Basi uliona nini? Uyoga wa mchwa mkubwa una mzizi unaoshuka mpaka nyumbani kwao. Huko mjini mmezoea kuangalia kofia tu."

Ravneet alipokuwa akitoka leo nilimfungulia lango kubwa, ingawa alikuwa kwa miguu.

Jumanne, 15 Aprili

Nimeuliza: mbona wale wadogo hawana mzizi mrefu? Ravneet anasema mchwa wenyewe hubeba vipande vya shamba lao wakavitandaza nje, na ndipo wale wadogo huota. Anasema spishi zilizopewa majina zinapita thelathini, kuanzia hawa wa ukucha hadi wengine wa Zambia ambao kofia yao inaweza kufika mita moja. Nilimwuliza mtu hubebaje uyoga wa mita moja. Alisema watoto hujifunika nao mvua.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu, sikupata ruhusa. Lakini nimebarikiwa hapahapa. Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, kumbikumbi wakubwa wametoka kwenye kichuguu, kupitia matundu ya upande wa stoo. Nimeandika. Jina: kumbikumbi wakubwa. Idadi: kama 1,500. Saa ya kuingia: haijulikani. Saa ya kutoka: hiyo niliyotaja. Chini yake nimeongeza "mlango wa stoo," kwa kuwa mlinzi ni lazima ajue mtu ametoka kwa mlango gani.

Peres amekaanga debe nusu. Pasaka njema.

Jumanne, 22 Aprili

Kumbikumbi tena, lakini hawa ni wembamba, wana mabawa meusi, na wametoka jioni saa kumi na moja na robo, upande wa ua wa miti. Kama 1,200. Nimeandika "mlango wa ua."

Nilianza mchezo huu kumkomoa Karanja. Sasa nikiona kitu kipya nyuma ya stoo mkono wangu unatafuta kalamu kabla sijafikiri, na tangu niwaandike siwezi tena kuwaita vitu.

Ijumaa, 25 Aprili

Wameingia 38, wakubwa, upande wa stoo. Kofia nyeupe yenye magamba ya kahawia, na shingoni wamevaa pete. Safari hii nimechimba mmoja kabla ya kusema neno. Mzizi umeshuka mpaka mkono wangu ukazama hadi kiwiko, na bado ulikuwa unaendelea. Mama Chandrika alishika fimbo yake akatazama shughuli nzima, akasema, "Pole pole, Lazarus, usikate."

Jumatatu, 28 Aprili

Wameingia 61, wa kadiri, rangi ya majivu, kofia ina ncha katikati, hawana pete. Upande wa ua. Mzizi wanao.

Ravneet amechukua wake wa kukausha, na Peres amewaonja wote wawili. Wenye pete walilainika mapema, wenye ncha wanatafunika kama nyama.

Jumatano, 30 Aprili

Ravneet amekuja na uso mzito. Mwalimu wake ameziangalia picha akasema wale wadogo ni wa mchwa wengine, wa chini ya nyasi, lakini wenye pete na wenye ncha ni spishi moja. Hoja yake ni hii: ukoo mmoja wa mchwa hulima aina moja tu ya uyoga, na kichuguu kimoja ni ukoo mmoja. Kwa hiyo wenye pete na wenye ncha ni walewale, umri na mvua ndivyo vimewabadilisha sura. Vipimo vya damu yao, sijui niite nini, vitachukua miezi, na yeye anatakiwa awasilishe orodha yake mwezi ujao.

"Na wewe unaonaje?" nikamwuliza.

"Naona ni wawili. Lakini kuona si hoja."

Kabla ya Aprili ningemwambia mwalimu wake aje kwangu. Lakini nimewahi kuiona sumu nikaiita aina ya tano, kwa hiyo nilimwandikia saa ya kutoka tu.

Jumatatu, 5 Mei

Leo nimepatikana.

Saa tatu asubuhi Viraj ameingia na gari akalisimamisha katikati ya njia. Viraj si mtu wa kelele, lakini alikuwa ameshika simu mbele yake kama mtu aliyeshika nyoka. Kila mwisho wa mwezi ofisi ya kampuni humtumia ripoti ya wageni. Karani, Jacklyne, hufungua picha za kurasa ninazomtumia, anajumlisha safu ya idadi, anapiga chapa. Hasomi majina, majina hayamo kwenye ripoti. Ripoti ya Aprili imesema hivi: walioingia, 391. Waliotoka, 3,046.

"Lazarus," akasema Viraj, "watu elfu tatu wametoka kwa mama yangu. Walikuwa wanakaa wapi?"

Nilitaka kucheka na sikuweza. Nilieleza. Nilieleza vibaya, nikianzia kwenye paka, na kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyozidi kukunjamana. Alikuwa ameshapiga simu ofisini kabla ya kuja, akiuliza kama lango la mama yake limegeuzwa stendi. Meneja ameaibika mbele ya mteja.

Karanja akafika saa tano. Hakunitazama. Alichukua daftari, akalifunga kwa raba, akalitia kwenye koti lake la mvua.

"Ijumaa saa nne, ofisini Hurlingham," akasema. "Kuja na sare yote. Na kofia."

Kila mlinzi anajua maana ya kuja na sare yote. Unaivua hukohuko.

Jumanne, 6 Mei

Naandika wageni kwenye karatasi ya kufungia mkate. Mvua.

Jumatano, 7 Mei

Nimemwambia Maurine. Yeye husuka nywele Kenyatta Market na husikia visa vya watu kutwa nzima, kwa hiyo hashtuki upesi. Aliendelea kuchana uzi.

"Kwa hivyo umepoteza kazi juu ya uyoga," akasema.

"Bado sijapoteza."

"Uliandika uwongo wowote?"

"Hapana. Hata mmoja."

"Basi enda useme hivyo. Na usianze na hiyo paka."

Usingizi hata hivyo umekataa. Naogopa, na afadhali niandike hivyo wazi. Ivyne yuko kidato cha tatu. Mimi nina miaka arobaini na tisa, na langoni kwa watu wanataka vijana wa kukimbia. Nikiondoka pale sitakuwa na mtu wa kuniuliza asubuhi leo wamekuja wangapi.

Alhamisi, 8 Mei

Ravneet amekuja kuniaga kabla sijaenda, akijilaumu. Nilimwambia hana kosa, daftari lilianza kabla yake. Ili tusikae kimya nikamsimulia jinsi nilivyowaandika kumbikumbi: wale wa asubuhi mlango wa stoo, wale wa jioni mlango wa ua.

Akanishika mkono wa sare.

"Anko, rudia. Saa tofauti?"

"Asubuhi saa kumi na mbili na dakika ishirini. Jioni saa kumi na moja na robo."

"Na walifanana?"

"Hata kidogo. Hawa wanono, wale wembamba wa mabawa meusi."

Alikaa chini kwenye ngazi ya kibanda changu, yeye na suruali yake safi. Kisha akanieleza polepole. Mchwa wa aina moja huwa na saa yao ya kuruka. Kama wametoka wawili tofauti, kwa saa tofauti, kwa milango tofauti, basi mle ndani hamna ukoo mmoja. Kichuguu ni kimoja, lakini wapangaji ni wawili. Na wapangaji wawili wanaweza kulima mashamba mawili.

"Tarehe na saa ziko wapi?" akauliza.

"Kwa koti la Karanja."

Ijumaa, 9 Mei

Ofisi iko ghorofa ya pili, Argwings Kodhek Road, juu ya duka la dawa. Nilikwenda na sare yote, na kofia. Nilipofika, Mama Chandrika alikuwa ameshakalia kiti cha meneja, kwa sababu ndicho pekee chenye mto, na Bwana Mungai, meneja mwenyewe, alikuwa amesimama. Viraj yuko dirishani. Ravneet alikuwa ameshika karatasi zake mbili, ya kijani na ya pinki. Karanja pembeni, daftari mapajani.

Bwana Mungai akamwamuru Jacklyne alichukue asome kwa sauti. Jacklyne hakuwa amewahi kusoma ile safu ya majina. Alianza kwa sauti ya ofisi.

"Jina, uyoga, wadogo. Anakotoka, chini." Akatua. "Anakuja kumwona, Mama Chandrika. Idadi, mia mbili kumi na nne." Akageuza ukurasa. "Jina, kumbikumbi wakubwa. Saa ya kuingia, haijulikani."

Hapo alishindwa. Alificha uso nyuma ya daftari na mabega yakawa yanacheka yenyewe. Viraj aligeuka dirishani, na nikaona shavu lake likitikisika. Bwana Mungai hakucheka.

"Wesonga, ulikuwa unafanyia kitabu ya kampuni mchezo?"

Njiani nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yote yalinitoka.

"Mwanzoni ndiyo, mkubwa," nikasema. "Wiki mbili za kwanza nilikuwa namchezea Karanja. Baadaye hapana. Baadaye nilikuwa naandika kwa sababu waliingia kweli. Hakuna hata mmoja niliyemtunga."

Nilijua nimejimaliza. Kukiri kumchezea msimamizi, tena mbele yake! Bwana Mungai akamgeukia Karanja amalize kazi.

Karanja aliivuta ile raba iliyobaki mkononi mwake, akaiachia. Angeweza kusema sijui lolote. Hakukuwa na shahidi siku ile isipokuwa mimi, na neno langu lilikuwa limeshuka bei. Nimefanya kazi chini yake miaka minne na nilimwona ni pikipiki na makelele tu.

"Mimi ndio nilisema, mkubwa," akasema. "Nilimwambia kitu yoyote iandikwe. Akaniuliza hata paka. Nikasema hata paka." Akanitazama mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Ameandika vile niliambia yeye. Hata mimi usiku nimesoma yote. Nilimaliza saa sita. Hakuna saa imerukwa."

Ravneet hakungoja kuruhusiwa. Akaweka karatasi zake mezani, akafungua ukurasa wa tarehe kumi na nane na wa ishirini na mbili, akaeleza habari ya wapangaji wawili kwa maneno mepesi kiasi kwamba hata Bwana Mungai aliuliza swali. Aliuliza kama wapangaji hao wanajuana.

Kisha Mama Chandrika akagonga fimbo sakafuni, taratibu.

"Miaka arobaini mimi napita kwa hii kichuguu," akasema. "Mimi hajui nani naishi. Sasa najua, kwa sababu hii mtu naandika. Viraj, wewe nataka nani nyingine kwa mlango yangu? Mtu haoni?"

Viraj alisema hapana, Mama, hataki mwingine. Akaniomba jambo moja, kuanzia sasa ripoti itofautishe watu na wasio watu. Jacklyne akachukua rula na kalamu nyekundu, akachora mstari katikati ya ukurasa mpya, akaandika juu ya upande wa kulia: WENGINEO. Nimepewa onyo la mdomo na daftari langu.

Tukishuka ngazi nikamwambia Karanja asante.

"Usizoee," akasema. Halafu, akiwasha pikipiki, "Hao wa pete wanapikwa na nini?"

Jumatatu, 12 Mei

Kurasa zimepigwa picha zote. Karanja amepita "kukagua." Peres alimpa sahani ya uyoga na ugali. Amekagua sahani mbili.

Jumanne, 13 Mei

Tumechimba. Mwalimu wa Ravneet amekubali kusoma kurasa zangu, ila anataka kuona kwa macho mahali mizizi inapofika. Tulianza saa mbili, Ravneet upande wa stoo, mimi upande wa ua, na mama yangu yuko kwenye simu niliyoiegemeza juu ya tofali, anatuelekeza kutoka Butula. Kila nikishika jembe alisema weka jembe, tumia kijiti.

Mzizi wa wenye pete ulishuka zaidi ya mita, ukafika kwenye chumba kikubwa chenye shamba la rangi ya biskuti, na mchwa wanono wakatoka kutuuma. Mzizi wangu, wa wenye ncha, haukuenda huko. Ulipinda kulia, ukaingia kwenye vyumba vidogo vidogo vya pembeni, vyenye mchwa wembamba. Katikati yao kulikuwa na ukuta wa udongo mgumu ambao kijiti hakikuweza kuutoboa. Ni sawasawa na kompaundi hii yenyewe: nyumba kubwa mbele, kota za wafanyakazi nyuma, kila mmoja na mlango wake.

"Ni wawili," Ravneet akaiambia simu.

"Mimi nilijua," mama yangu akasema. "Lakini sikujua ukuta. Nipigieni picha ya ukuta."

Tukarudisha udongo wote kama tulivyoukuta. Ravneet anasema kama spishi hizi mbili zina majina tayari au la, vipimo ndivyo vitakavyosema, naye hataki kukisia. Lakini kwenye orodha yake bustani ya Mama Chandrika ina tatu: wadogo, wenye pete, wenye ncha.

Tatu. Peres alisimama mlangoni na mwiko, akanitazama tu. Tano zangu zimechambuliwa moja baada ya nyingine. Moja ilikuwa ile sumu ya kijani, ambayo si ya ukoo wao. Nyingine, ile ninayoiita "kichwa cha nyundo," ni watoto wa wenye pete kabla hawajafungua kofia. Nimewahesabu watoto kama kabila jingine kwa miaka arobaini na tatu.

Jumatano, 14 Mei

Peres amenihudumia chai ya saa nne yeye mwenyewe, akaniwekea vijiko vitatu vya sukari, akavihesabu kwa sauti.

Alhamisi, 29 Mei

Siku ya tisa bila mvua. Upande wa WENGINEO: paka, mara mbili.

Jumanne, 10 Juni

Leo ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Ravneet alinialika nije kuona bahasha zilipowekwa, kwenye chumba cha mimea iliyokaushwa, chuoni kwao. Nilivaa shati la kanisani.

Langoni kulikuwa na mlinzi wa makamo, jina lake Were limeshonwa kifuani, kiti chake kimekaa kivulini kama ninavyokiweka changu. Alinisukumia daftari la wageni bila kuinua macho, kama ninavyofanya mimi. Sijawahi kujaza daftari kutoka upande huo. Nikaandika jina langu. Anakotoka: Lavington. Nilipofika kwenye safu ya tatu nikasimama.

"Unakuja kuona nani, mzee?" Were akauliza.

Ningeweza kuandika Ravneet. Nilifikiria hilo, kisha nikaandika: uyoga, wenye ncha. Idadi: 61.

Were alisoma, akasoma tena, akanitazama kutoka viatuni mpaka kichwani. "Hii ndiyo nini?"

"Iache hivyo," nikamwambia. "Ni kweli, na msimamizi wako akija mwambie uliandika kila kitu."

Ravneet alinipeleka mpaka kwenye kabati la chuma, akavuta droo, akanipa bahasha moja ya kahawia nishike. Juu yake, kwa wino mweusi, kulikuwa na safu kama za daftari langu. Mahali: Lavington, kichuguu nyuma ya stoo, upande wa ua. Tarehe: 28 Aprili. Aliyeona na kuandika: L. Wesonga. Niliuliza bahasha hukaa humo muda gani. Akasema zipo za miaka mia moja, na watu bado huja kuzifungua.

Nimeandika majina ya watu miaka kumi na moja, asubuhi mpaka jioni, na hii ndiyo mara ya kwanza mtu kuniandika mimi. Nililia kidogo, na Ravneet akajifanya anatafuta droo nyingine.

Nilipotoka, Were alinikumbusha nijaze saa ya kutoka. Nikaangalia saa yangu nikaandika saa sita na dakika kumi, kwa jina langu. Kwa wale sitini na mmoja nilimwambia aache wazi.